Seva iache, swichi ichunguze: jibu kwa msomaji wa Mamboleo

SWALI: Nina miaka 24, nimemaliza diploma ya ICT na ninaishi Mamboleo, Kisumu, chumba kimoja na jiko. Nataka kujenga maabara ndogo nyumbani nijifunze Linux, mashine pepe (kompyuta za programu tu, zinazoendeshwa ndani ya kompyuta moja halisi) na mitandao kabla sijafanya CCNA, mtihani wa mitandao wa kampuni ya Cisco. Kuna ofisi inafungwa hapa mjini, na fundi wao ananiuzia seva ya Dell PowerEdge R710 yenye prosesa mbili za Xeon X5650, memori ya GB 48 na diski sita, pamoja na swichi ya Cisco 2960 ya poti 48 yenye PoE (kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa kebo, kinachoweza pia kuvipa vifaa umeme kupitia kebo hizo). Vyote ni Sh45,000. Nimeweka akiba ya Sh60,000. Rafiki zangu wanasema hiyo ni bahati ya mtende. Ninunue?

JIBU: Kaka, umeniuliza swali moja lakini mzigo wako una vitu viwili vyenye tabia tofauti kabisa. Swichi huzeeka polepole. Amri ulizopiga kwenye swichi ya mwaka 2010 ndizo utakazopiga kazini kesho. Seva huzeeka vibaya, na sehemu kubwa ya bei yake humlipi fundi, unailipia kwenye mita ya stima. Swichi ichunguze, ikiwa salama uichukue. Seva mwachie, hata akikupunguzia.

Tuanze na stima maana ndiyo inayouma. R710 yenye prosesa mbili na diski sita, ikiwa imewaka tu bila kazi yoyote, hula kati ya wati 150 na 200. Tuchukue 180. Kwa saa 24 ni yuniti 4.3, kwa mwezi karibu yuniti 130. Ili ujue bei yako mwenyewe, fungua ujumbe wa token uliyonunua mwisho, ugawanye pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata. Ushuru na tozo zote zimo humo. Mimi nitatumia Sh30 ili hesabu iwe nyepesi: Sh3,900 kwa mwezi, Sh46,800 kwa mwaka. Yaani mwaka haujaisha, umeshaununua mzigo wote mara ya pili.

Halafu kuna madaraja. Bei ya umeme wa nyumbani tangu 2023 ina mipaka miwili, yuniti 30 na yuniti 100 kwa mwezi, ikiangaliwa kwa wastani wa miezi mitatu. Mpangaji wa chumba kimoja mwenye taa, simu na pasi hukaa chini ya 100 bila hata kujibana. Seva hii peke yake inakuvusha, na ukishavuka, hata yuniti za taa unazilipia kwa bei ya daraja la juu. Na kama ploti yenu ina mita moja na mnagawana bili, jiandae kujieleza kwa mwenye nyumba na kwa majirani, na hutaeleweka.

Najua utakachonijibu: nitaiwasha jioni tu. Hoja hiyo ina uzito. Wati 180 kwa saa mbili kila siku ni yuniti 10.8 kwa mwezi, sawasawa na kompyuta ndogo ya wati 15 inayowaka usiku na mchana. Lakini maabara inayozimwa kila usiku inakunyima nusu ya somo. Kazi ya cron (kazi iliyopangiwa saa yake) inayokwama saa tisa za usiku, logi (kumbukumbu za matukio) zinazojaza diski kidogo kidogo, cheti cha tovuti kinachoisha muda wake huku umelala, seva ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) ambayo ikianguka nyumba nzima inalalamika: mambo hayo ndiyo yatakayokukuta kazini, na hayaji kwa miadi ya saa mbili za jioni.

Tena unaishi chumba kimoja. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, feni za R710 huvuma kama kinu cha posho kabla hazijatulia. Zikitulia zinavumilika ukiwa chumba kingine, na wewe chumba kingine huna. Joto la chumba likipanda, feni nazo hupanda. Seva nyingi za aina hii zimepimwa kufanya kazi hadi digrii 35, na kiwango hicho hushuka kwa digrii moja hivi kwa kila mita 300 ukivuka mita 900 juu ya usawa wa bahari. Kisumu mko kama mita 1,130, kwa hiyo huko mlima hauna neno; paa la mabati saa nane mchana ndilo lenye neno. Sisi wa Nakuru tuko karibu mita 1,850, tunapoteza digrii tatu kwenye karatasi, lakini baridi yetu inatulipa. Vumbi letu ni habari nyingine.

Bado kuna umri wenyewe. X5650 ilitoka mwaka 2010. Debian, ambayo ni aina ya Linux, na Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe, zitaikubali bila shida, lakini milango mingine imeanza kufungwa. Red Hat Enterprise Linux 10, iliyotoka Mei 2025, inadai prosesa ya kiwango cha x86-64-v3, yenye maagizo ya AVX2. Kwa Intel hayo yalianza na kizazi cha Haswell mwaka 2013. MongoDB, programu ya hifadhidata, kuanzia toleo la 5.0 inadai AVX, iliyotangulia AVX2, na X5650 haina hata hiyo. VMware, watengenezaji wa mfumo mwingine wa mashine pepe, waliitupa familia hiyo ya prosesa tangu toleo la ESXi 7. Sasa fikiria umekaa usiku ukifuata somo, mashine inakataa kuwaka, na wewe unadhani umekosea amri. Kama ndani yake kuna kadi ya RAID (ya kuunganisha diski kadhaa zionekane kama moja) ya PERC 6/i, ambayo R710 nyingi zilitoka nayo kiwandani, diski yoyote inayozidi TB 2 haitatambulika kwa ukubwa wake. Na ule ukurasa wa usimamizi wa mbali, iDRAC6, unategemea Java na usimbaji wa zamani ambao vivinjari vya leo vinaukataa. Utajifunza mengi, ndiyo, ila mengi yake ni namna ya kufufua wafu.

Nunua kompyuta ndogo za ofisini, zile za ukubwa wa kitabu kinene, zilizotoka Uingereza zikiwa zimetumika. Lenovo ThinkCentre M710q na M910q, HP EliteDesk 800 G2 na G3 Mini, Dell OptiPlex 3050 na 7050 Micro. Zimejaa sokoni kwa sababu inayoeleweka: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, kwa hiyo ofisi za Ulaya zinazimwaga za kizazi cha 6 na cha 7. Kwa Linux hazina kasoro yoyote. Zina AVX2, zinakula wati 10 hadi 20 zikitulia, na mlio wake hausikiki feni ya dari ikizunguka.

Chukua mbili badala ya moja kubwa. Ukiwa na mbili unaweza kuhamisha mashine pepe kutoka huku kwenda kule, kuzima moja uone nini kinaanguka, kupitisha VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi moja) kati yao kwenye swichi halisi. R710 moja, hata ingekuwa na GB 200 za memori, haikufundishi hilo vizuri. Ila usiziunganishe kuwa klasta (kundi moja) ya Proxmox halafu ushangae moja ikizimwa nyingine inakataa kuwasha mashine: kila moja ina kura yake, na kura moja kati ya mbili haitoi wengi. Inahitajika kura ya tatu, na kifaa chochote kidogo kinachoendesha Debian, hata Raspberry Pi ya zamani, kinaweza kuipiga kupitia huduma inayoitwa QDevice.

Katika orodha niliyokupa, mimi ningezitafuta kwanza M910q, EliteDesk 800 na OptiPlex 7050. Zina chipu ya Q170 au Q270, na zikiwekewa prosesa yenye vPro, kama i5-6500T au i5-7500T, zinakubali AMT ya Intel, yaani unaweza kuiwasha, kuizima na kuona skrini yake ukiwa mbali, karibu sawa na iDRAC na bila leseni. Hiyo M710q na OptiPlex 3050 zina B250, hazina huduma hiyo. Tofauti ya bei dukani mara nyingi ni ndogo kwa sababu muuzaji mwenyewe haijui.

Ukifika dukani, iwe ni Oginga Odinga Street au umesafiri mpaka Luthuli Nairobi, usikubali kuoneshwa Windows ikiwaka ukaridhika. Ingia BIOS, mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka. Ikikuomba nywila ambayo muuzaji hana, rudisha mezani. Kwenye Lenovo nywila ya msimamizi si jambo la kuondoa kwa kuchomoa betri. Hakikisha VT-x na VT-d, zinazosaidia mashine pepe, zinaweza kuwashwa. Angalia adapta: Lenovo hutumia kichwa cha mstatili, HP kichwa cha duara, na adapta bandia ya wati pungufu huifanya prosesa ijipunguze kasi bila kukuambia. Beba Linux kwenye flashi, uwashe nayo, na usome afya ya diski kwa amri ya smartctl -a. Namba ya 5, ya 197 na ya 198, zinazohesabu sekta mbovu, ziwe sifuri kwa diski za kuzunguka. Kwa SSD angalia asilimia ya uchakavu. Memori ni ya aina ya laptopu, DDR4, nafasi mbili, mwisho GB 32 kwa vizazi hivyo. Anza na GB 16 kwa kila moja. Kontena za LXC (vyumba vyepesi vinavyoshiriki Linux moja) hazili memori kama mashine pepe, na kwa GB 16 utaendesha huduma nyingi kuliko utakazokuwa na muda wa kuzisoma.

Sitaki ufikiri nazichukia seva. Mtu mwenye stoo nje ya nyumba, au anayefundisha darasa la watu kumi, ana sababu ya kununua. Kabla hajafika kwenye seva za raki, zile bapa za kupangwa kwenye fremu, ningemwambia aangalie HP Z440 au Dell Precision T5810, kompyuta kubwa za wahandisi na wachoraji ramani. Zinatumia Xeon za E5 v3 na v4, zinakubali memori ya seva ya DDR4 yenye ECC, inayosahihisha makosa yake, na zimetengenezwa kukaa chini ya meza ya binadamu, kwa hiyo zimenyamaza. Watu huzipita dukani kwa sababu hazifanani na seva kwenye picha.

Akishikilia raki, basi asishuke chini ya R630 au R730 kwa Dell, DL360 au DL380 Gen9 kwa HP. Hapo ndipo DDR4 na AVX2 zinapoanza. R720 ni nafuu zaidi na bado ina watu wanaoitetea, lakini prosesa zake za E5 v1 na v2 hazina AVX2, kwa hiyo ule mlango wa Red Hat 10 umefungwa kwake pia. Kati ya Dell na HP mimi naegemea Dell kwa sababu moja tu: masasisho ya BIOS unayapakua bure kwa kuandika namba ya mashine, ilhali tangu Februari 2014 ya ProLiant yamefungiwa wenye dhamana au mkataba. Kwa kampuni si kitu. Kwa mwanafunzi wa Mamboleo ni ukuta.

Mitego ya seva iko mingi midogo midogo, na mingi huonekana baada ya pesa kutoka mfukoni. Memori ya seva yenye herufi R mwishoni, kama PC4-2133P-R, haifanyi kazi kwenye kompyuta ya kawaida, na haichanganywi na LRDIMM, aina nyingine ya memori ya seva. Nafasi nusu za memori na baadhi ya nafasi za kadi zinakufa ukiondoa prosesa ya pili. Trei za diski zikikosekana utazinunua moja moja, na reli za raki zina bei ya kukera. Kadi ya RAID ukitaka kutumia ZFS, mfumo wa mafaili unaosimamia diski wenyewe, lazima ikubali kuziacha diski zionekane zenyewe: kadi za Dell za H330 na H730 zina hali hiyo, H710 haina mpaka ubadilishiwe programu yake ya ndani, kazi ambayo si ya anayeanza. Na ukiuziwa diski za SAS (za seva) za bei ya kutupwa, uliza zilitoka wapi. Zile zilizokuwa kwenye hifadhi za NetApp au EMC mara nyingi zina sekta za baiti 520, na Linux itaziona lakini itakataa kuzitumia. Zinatibika kwa sg_format, saa nyingi kwa kila diski. Umeme ukikatika katikati unaanza upya.

Sasa swichi yako. Mwambie fundi akutumie picha ya lebo, si picha ya mbele. "Cisco 2960 ya poti 48" inaweza kuwa vitu kadhaa tofauti. Kama lebo inasema WS-C2960-48PST-L, hizo poti 48 ni za megabiti 100, na ni poti chache tu za pembeni zinazofika gigabiti. Kama ni 2960X, au 2960S isiyo na F kabla ya namba ya poti, poti zote ni gigabiti. Ile 3750 isiyo na herufi nayo ni megabiti 100, 3750G ni gigabiti. Bei zao hazipaswi kukaribiana, ila muuzaji asiyejua huzipanga bei kwa kuhesabu matundu.

Megabiti 100 ni mbaya? Kwa kujifunza, hapana. VLAN, tranki, STP, EtherChannel, ulinzi wa poti, DHCP snooping: mada hizo zote za swichi zimo, na amri ni zilezile. Kwa kuhamisha mashine pepe ya GB 40, ndiyo, utalala ukiisubiri. Hapo unaziunganisha kompyuta zako kwenye zile poti za gigabiti. Huna haja ya poti 48 wala PoE. Poti 24 zingekutosha na hazingekula umeme bure: 2960 ya poti 24 isiyo na PoE hula wati 30 hivi, ile ya PoE ina kigeuza umeme kikubwa na feni zinazolingana nacho. Muulize fundi kama ana ya poti 24 kwenye huo mzigo. Ofisi yenye ya 48 mara nyingi ina ndogo mahali, juu ya kabati, imesahauliwa.

Kabla ya kulipa, nenda na laptopu na kebo ya konsoli, ile yenye kichwa cha RJ45 upande mmoja na USB upande wa pili. Kasi ni 9600. Iwashe, uisome inavyoamka tangu mwanzo. Ikilalamika kuhusu POST, jaribio lake la kujipima, usiendelee. Ikikuomba nywila, hilo kwa Cisco si tatizo: bonyeza kitufe cha Mode huku ukichomeka umeme, andika flash_init, badilisha jina la config.text, endelea. Halafu show version, show inventory, show env all. Namba ya siriali unayoiona kwenye skrini ilingane na ya lebo ya nyuma.

Kisha pima poti, zote. Chukua kebo moja fupi, chomeka laptopu kwenye ya 1, ya 2, ya 3, mpaka ya 48, ukiangalia taa na show interfaces status. Inachosha, lakini huko kwenu ndiyo hatua ya maana kuliko zote. Ukanda wa ziwa, kutoka Kisii mpaka Kakamega, una radi isiyo na mzaha, na ofisi nyingi zimepitisha kebo za shaba nje, kutoka jengo hadi jengo. Radi ikipiga karibu, haiui poti moja. Chipu moja ndani ya swichi huhudumia poti nne au nane, kwa hiyo utakuta kundi zima la jirani limekufa, tuseme kuanzia ya 17 mpaka ya 24. Ukikuta hivyo usinunue hata kama zilizobaki ni nyingi. Kilichopita humo kimeziacha nyingine zikiwa zimeumia.

Kuna bandia pia. Mwaka 2020 kampuni ya usalama ya F-Secure ilichapisha uchunguzi wa swichi bandia za Cisco Catalyst 2960-X, ambazo kampuni iliyokuwa nazo ilizigundua pale tu ilipozisasisha programu, zikaacha kufanya kazi. Hiyo ni sababu nyingine ya kutosasisha swichi mbele ya muuzaji kisha kumlaumu, na ya kutoamini 2960-X mpya kabisa kwa bei ya mtumba.

Chapa nyingine kwa haraka. HP na Aruba 2530 ni nzuri, na ile ya poti 8 za gigabiti haina feni kabisa. Kwa chumba chako ingekaa vizuri kuliko hiyo Cisco, tatizo ni kwamba amri zake si za CCNA. Juniper EX2200 na EX3300 zinauzwa kwa bei ya kuvutia, lakini mfumo wake wa mafaili hauvumilii kukatiwa umeme ghafla. Zinataka kuzimwa kwa amri. Penye stima ya kuyumba, ziache. Meraki usiguse: bila leseni inayolipiwa, na bila mwenye awali kuitoa kwenye akaunti yake, umenunua sanduku la chuma. MikroTik huwezi kukosea nayo, na hEX moja ndogo itakufaa kama rauta ya maabara, kwa sababu 2960 kimsingi ni swichi ya tabaka la pili na VLAN zako zitahitaji mtu wa kuzipitisha huku na huku. Linux kwenye moja ya zile kompyuta inaweza kuifanya kazi hiyo bure.

Kwa ajili ya mtihani wenyewe wa CCNA, Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao, inatosha, nayo unaipata bila malipo kupitia Cisco Networking Academy. Swichi halisi inakupa yale ambayo Packet Tracer haina: kebo mbovu, poti inayowaka chungwa, dakika za kusubiri iamke huku mtu amesimama nyuma yako. Hayo pia ni ujuzi.

Ukishainunua, andika write erase, na pia delete flash:vlan.dat. Wengi husahau la pili. VLAN za ofisi ile hazikai kwenye usanidi, zinakaa kwenye faili hilo, pamoja na namba ya VTP, huduma ambayo swichi za Cisco hutumia kugawana orodha ya VLAN. Swichi ya nyumbani ikipelekwa siku moja kazini "kusaidia kidogo", yenye jina la VTP linalofanana na la ofisi na namba iliyo juu kuliko ya swichi zao, inaweza kuzifuta VLAN za ofisi nzima kwa sekunde chache. Kazi haipotei kwa njia ya kijinga kuliko hiyo.

Dai risiti. Iwe na jina la kampuni inayouza, si la fundi peke yake, na namba za siriali. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Sheria ya Kanuni za Adhabu, na ofisi inayofungwa ina wadai ambao siku moja wataulizia vifaa vilikwenda wapi. Ukinunua diski zozote kutoka humo ukakuta faili za wateja, usizifungue kwa udadisi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijali kwamba ulizikuta tu. Zifute kabla hujafanya lolote.

Pesa ikibaki, nunua UPS, betri ya kushikilia vifaa stima ikikatika. Ile ya kawaida ya VA 650 huwa na betri ya volti 12 na saa-ampea 7, yaani saa-wati 84 kwenye karatasi. Mimi huhesabu nusu. R710 ingeimaliza kwa robo saa ukibahatika. Kompyuta zako mbili na rauta ya intaneti, wati 45 kwa pamoja, zitakaa karibu saa nzima. Swichi usiiweke kwenye UPS, iache ukutani kupitia kizuia-radi, na wingu likianza kuguruma upande wa ziwa chomoa kila kitu, pamoja na kebo yoyote inayotoka nje.

UPS nyingi za bei nafuu hazina USB ya kuiambia kompyuta kwamba stima imepotea. Hapo swichi iliyoko ukutani inakusaidia: stima ikipotea inazimika, na faili /sys/class/net/eno1/carrier kwenye kila kompyuta, ukiweka jina la kadi yako badala ya eno1, inabadilika kutoka 1 kuwa 0. Skripti ya mistari kumi inayoisoma kila dakika inatosha kuzima mashine pepe kwa utaratibu. Subira yake usiiweke chini ya dakika kumi, kwa sababu hiyo Catalyst huchukua dakika kadhaa kuamka, na stima ya kukatika na kurudi ingekuzimia maabara bure. Na kwenye BIOS weka kompyuta ijiwashe umeme ukirudi, ukijua kwamba ikiwa UPS haikuishiwa kabisa, kompyuta haitaona kwamba umeme ulikatika, na utalazimika kuiamsha kwa Wake-on-LAN (kupitia kebo ya mtandao) au kwa ile AMT.